Karafuu Ndani ya Kopo la Nyuzi

Masharti yalikuwa wazi kabla mwezi haujaandama. Daktari alikuwa amemweleza baba, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, kwamba lami ya sigara imeganda mapafuni mwake, na kwamba nikotini ndiyo inayomrudisha kwenye pakiti kila anapojaribu kuacha. Baba akaniahidi: nikifunga Ramadhani nzima, ingawa watoto wa umri wangu walifunga nusu siku tu, yeye hatavuta tena maishani.

Nikafunga. Darasani nilivumilia kiu kwa furaha, nikiamini kwamba kila saa inamponya. Jioni, baada ya futari, baba alitafuna karafuu. Alisema ni dawa ya jino. Hata leo sufuria ya pilau ikifunuliwa karibu nami, harufu ile hunikausha koo.

Siku ya ishirini na tisa alinituma uzi mweupe. Ndani ya kopo la nyuzi nilikuta karafuu zimefungwa kwa karatasi, na chini yake pakiti iliyobaki na sigara mbili.

"Baba, hizi za nani?"

"Za mteja, binti yangu. Kazisahau."

Mama, aliyekuwa akipiga pasi, akacheka. "Mteja gani huyo anayejifungia chooni kila akimaliza uji wa futari, kisha anatafuna karafuu asinuke moshi? Mwambie ukweli, mzee. Mtoto umemfungisha bure."

Baba aliinamisha kichwa, akaendelea kushona gauni langu la Idi.

Ramadhani iliyofuata nilikula mchana mbele yake, naye akainamia cherehani yake.