Somo Aliyejua na Hakusema

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu Ujiji aliyewajua mabibi harusi kama Bi Mwamini Saad. Yeye ni somo, kungwi wa mabibi harusi. Binti akishaposwa, wiki ya mwisho hufungiwa chumbani, na Bi Mwamini huingia na bakuli la liwa na maji ya waridi, akamsinga kuanzia shingoni mpaka nyayoni.

Katika kazi hiyo aligundua jambo ambalo hakulisoma popote: wote ni weusi zaidi kwapani, kwenye kinena na ndani ya mapaja. Mtoto wa shehe, mtoto wa muuza dagaa, mweupe, maji ya kunde, wote. Alikuwa anasugua, weusi unabaki palepale unamtazama. Basi anapaka mafuta, anamfunika binti kanga, anatoka na kuwatangazia wanawake waliojaa ukumbini kwamba bibi harusi kang'aa. Vigelegele. Hakuna aliyewahi kuomba ushahidi.

Hakusema, maana ya chumbani hayatoki nje. Ndicho kiapo cha somo. Na tusimvishe kilemba cha utakatifu: akisema hakuna cha kusugua, nani atamwita tena?

Mwaka jana ikafika zamu ya Yusra, mtoto wa kaka yake, miaka ishirini na mitano, muuza vitambaa pale Mwanga. Alikuwa ameposwa na Faridi wa Katubuka. Mwezi mmoja kabla ya harusi alimfuata shangazi yake, akafunga mlango, akauliza kwa aibu kama ni yeye peke yake aliye mweusi huko, maana mwenzake wa dukani alimwambia ule ni uchafu wa miaka.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Mwamini. Likateleza likarudi tumboni. Akasema, "Usijali mwanangu, nitakusugua, itatoka."

Kama inatoka, Yusra akawaza, ya nini kungoja? Akaenda kwa Rozalia, anayekoroga krimu kwenye ndoo na kuziuza kwenye vikopo vya mafuta ya watoto. Siku tatu pakawasha, siku ya tano pakachubuka, siku ya tisa alikuwa anatembea kama bata aliyetoka kliniki.

Kliniki ndiko shangazi alikompeleka. Nesi Niyokwizera, Mrundi asiyepepesa maneno, alisafisha vidonda akaeleza kwamba vitapona lakini vitaacha giza zaidi kuliko lile lililokuwapo. Lile la mwanzo halikuwa uchafu wala ugonjwa. Mtu akibalehe homoni hufanya kazi yake, nguo na mapaja hukwaruzana, ngozi ya huko hukolea. "Na mimi ninalo," akasema, akivua glavu.

Yusra akamgeukia shangazi yake. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu bibi harusi wa kwanza."

Harusi ikaahirishwa. Kwa Faridi wakauliza sababu, na kwa kuwa sababu ilikuwa haitamkiki mbele ya watu wazima, ukoo ukajibu kwamba binti anaumwa. Katubuka wakajitafsiria wenyewe. Kufikia Ijumaa Yusra alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na aliyempa mimba alikuwa na majina manne.

Hapo Bi Mwamini akavunja kiapo. Alikwenda kwa mama yake Faridi akamweleza yote, krimu na vidonda, na ili aaminike akaongeza, "Binti zako wawili niliwasinga mimi. Nao walikuwa hivyohivyo."

Mama yake Faridi aliweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo leo umekuja kunianikia mapaja ya wanangu hapa kwangu?"

Alimwamini, ndilo balaa lenyewe. Uvumi wa mimba aliufuta kwa mdomo wake mwenyewe, na posa akaivunja palepale: ukoo wenye somo mropokaji hauchangamani na wake.

Tangu hapo hajaitwa kwenye harusi yoyote. Mabinti wa Ujiji wanapanda kwa Rozalia, ambaye ameongeza ndoo ya pili.

Kila asubuhi baada ya chai Bi Mwamini huenda kwa kaka yake na dawa ya nesi. Yusra humwamkia shikamoo, maana adabu haina likizo, kisha hulala akageuzia uso ukutani. Shangazi hupaka kwa ncha ya kidole, polepole, asisugue. Akimaliza humfunika kanga.