Kimo cha Kiti cha Babu

Huku kwetu Rungwe magari huinuliwa. Mtu akinunua gari dogo, safari yake ya kwanza ni kwa fundi, kuwekewa spesa, yale mapande ya raba ngumu yanayokaa juu ya springi, ili tumbo la gari lisiburuze kwenye matope. Gari la mama, stesheni wagoni kuukuu, liliinuliwa nyuma peke yake kwa sababu ya makreti ya parachichi. Likiwa tupu lilisimama uani mkia juu, kama kuku anayedonoa. Kwa hiyo nilipofika gereji pale Tukuyu nikasema nataka nyuma ishuke, fundi alizima redio kwanza.

"Unataka gari la kuringia, msomi?"

"Nataka babu aweze kupanda mwenyewe."

Babu, baba yake baba, alikuwa ameanguka shambani akaumia nyonga. Alitibiwa hospitali ya Igogwe, akapangiwa kurudi mara kwa mara ili ule mguu usikauke. Baba anafanya kazi Songea, mimi niko Mbeya mjini, na siku za wiki nyumbani Kisondela wanabaki wawili tu, babu na mama. Mwenye kuendesha gari ni mama. Na mama ni mkwewe.

Kwa Wanyakyusa wa umri wao, mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Hapo zamani hata kupishana njiani ilikuwa shida. Mama na babu wamelegeza mengi. Anampikia, anamwendesha, wanasalimiana, ingawa babu husalimia huku ameielekea migomba na mama hujibu akiwa jikoni. Garini mama hukigeuzia kioo cha ndani juu darini, akatumia vya pembeni. Niliwahi kumuuliza kama kioo nacho kina mkwe. Akaniambia niendeshe langu nikilipata.

Kumgusa, hapana. Na kiti cha nyuma cha gari lile kilikuwa juu mno kwa mtu mwenye nyonga mbovu. Ilibidi waitwe majirani. Mara ya mwisho walimpandisha wanaume wawili, mmoja akiwa amemshika kiunoni kwenye mkanda wa suruali, na vijana wa bodaboda wakiangalia. Siku ya kliniki iliyofuata, babu alisema mguu umepona. Haukuwa umepona. Hakwenda.

Nilijaribu kwanza njia ninayoiamini, ya kuuliza.

"Mama, ukimshika mkono kitatokea nini hasa?"

"Hakitatokea kitu."

"Sasa?"

"Sasa simshiki."

Chuoni nilizoea kwamba hoja isiyo na sababu huanguka yenyewe. Ile ya mama haikuanguka. Ikabaki mimi nitafute springi.

Fundi, ambaye babu yake alikuja kutoka Tanga akifuata biashara akabaki, alikuwa na jibu la haraka. Tung'oe spesa, halafu tukate springi kwa grenda. Nikamuuliza gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi iliyokatwa itabaki mahali pake? Akafikiri, akijikuna shingo kwa bisibisi.

"Inaweza kuruka," akakubali. "Lakini wallahi itakuwa imeshuka."

Tukakubaliana tutafute springi zilizotengenezwa fupi, pamoja na shokapu fupi za kwenda nazo, maana shokapu ndefu huliacha gurudumu lishuke mpaka springi inalegea kwenye kikalio chake. Tulizipata Mbeya, kwa muuza vipuri vilivyotumika. Zilikuwa zimetolewa kwenye gari la kijana mmoja wa wale wanaopenda magari yanayolamba lami. Zilipofungwa, gari likakaa chini, magurudumu yakajificha nusu ndani ya bodi. Nisiseme uongo, lilipendeza. Nililizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi nikalileta nyumbani. Nilitembea nalo polepole njia nzima, nikisikia mawe yakigonga chini. Babu akaja kwa fimbo yake, akaufungua mlango wa nyuma, akageuka, akajiachia. Akakaa. Hakushikwa na mtu. Nikamtazama mama, aliyekuwa mlangoni kwa jikoni akitazama kwingine, nikajiona mshindi.

"Liko vizuri," babu akasema. "Kama kitanda."

"Basi shuka sasa, babu, tujaribu tena."

"Unanifukuza? Ndiyo kwanza nimeingia. Niletee chai."

Nikampelekea chai. Akanywa taratibu, mlango ukiwa wazi. Akaulizia bei ya parachichi, akaulizia kama nimepata mchumba au bado nabishana nao. Chai ikaisha, akaagiza nyingine. Nilikwenda jikoni nikicheka, nikamwambia mama kwamba mzee amelipenda gari, ataomba kulala humo.

Mama hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi, na aliendelea kumenya.

"Hawezi kunyanyuka," akasema. "Umelishusha mno. Anaona aibu kukuambia. Nenda kamtoe, halafu ukapime kiti chake."

"Kiti kipi?"

"Cha barazani. Kile anakaa na kuinuka mwenyewe kutwa nzima. Unafikiri miguu yake nilimwambia fundi seremala aikate kwa nini?"

Nilimtoa babu kwa kumkumbatia chini ya makwapa. Aliliita gari lile shimo, tena shimo la kisomi. Kwa mjukuu hakuna mwiko, alinitukana vizuri tu. Akiwa amepumzika ndani, nilichukua kamba, nikapima kutoka sakafu ya baraza hadi kwenye kikalio cha kiti, nikafunga fundo. Nikawa nafikiria. Mama hajawahi kumtazama mzee huyu usoni kwa muda mrefu kuliko kupepesa jicho, nami nimekaa mbele yake maisha yangu yote nikimbishia. Kati yetu wawili, ni nani aliyekuwa amemwona?

Fundi alipoona ile kamba, akauliza kama siku hizi chuo kikuu kinatoa kamba badala ya vyeti. Lakini alielewa haraka. Springi fupi ni chini mno, zile za mizigo hata bila spesa ni juu mno. Ikabaki kitu cha katikati. Gari la aina ileile linatengenezwa pia bila sehemu ya mizigo, na springi zake za nyuma ni laini na hukaa chini kidogo. Akazipata, na shokapu zake. Zilipofungwa tulihitaji uzito wa mzee mle ndani ndipo tupime, kwa hiyo fundi akaingia nyuma mwenyewe, akakunja uso.

"Mjukuu," akasema, "niletee chai."

Niliisimamisha kamba kando ya kiti. Fundo likakaa usawa wa sponji.

Kulikuwa na jambo moja ambalo ilibidi nimwambie mama kabla hatujarudisha jeki mahali pake. Nikampigia simu. Springi hizi hazitabeba makreti. Akiyajaza, nyuma italala chini na kila kitu tulichopima kitapotea. Na biashara yake ni ile ya parachichi.

"Zifungwe hizohizo," akasema. "Maparachichi yakipanda bodaboda hayaoni aibu."

Siku ya kliniki niliomba ruhusa kazini. Mama alisimama mbele ya gari na ufunguo mkononi, amempa babu mgongo, anaiangalia migomba kana kwamba anakagua mikungu. Babu akageuka, akajiachia, akaiingiza miguu mmoja baada ya mwingine, akauvuta mlango. Mama aliposikia mlango umefunga ndipo akageuka. Akaingia, akakiinua kile kioo.

"Ndaga fijo," babu akasema, asante sana, huku akitazama nje dirishani, upande ambao hakukuwa na mtu. Mimi nilikuwa upande mwingine. Sikuuliza anamshukuru nani.

Sikwenda nao. Siku za kawaida sipo, na nilitaka kujua mambo yatakuwaje nikiwa sipo. Nilibaki barazani kwenye kiti kilichokatwa miguu, nikiwa na simu mapajani. Bado sijui kwa nini mkono usishike mkono, na nikiulizwa nitasema hivyo. Lakini nilikaa pale nikishukuru kwamba nimelelewa na watu wanaoweza kutunzana kiasi kile bila kugusana. Nilimshukuru na fundi, aliyekubali kulala chini ya gari lilelile mara mbili na kuwa mzee kwa dakika moja.

Simu ikaita.

"Tumefika," mama akasema.

"Ametoka mwenyewe?"

"Sikuangalia. Nilisikia mlango. Halafu nikasikia fimbo, inakwenda."