Fidda Hahami

Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2022, Fidda mjane wa Awwad, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alivuka mstari wa kuanzia mbio za vizuizi katika bonde lililo chini ya mji wa Salt, karibu na Amman. Hilo limethibitishwa: picha ipo, namba iliyo kifuani inasomeka, na utepe wa rangi ya chungwa unaonekana umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, mkono uleule uliovunjika wakati wa baridi.

Utepe ule haukuwa pambo. Kila mkimbiaji hufungwa wake kabla ya kuanza, na akishindwa kizuizi kimoja tu, msimamizi huukata kwa mkasi. Aliyekatwa haondolewi uwanjani. Ataendelea mpaka mwisho akitaka, ila atafika mkono mtupu. Wengine wote asubuhi ile waliogopa kupoteza utepe. Fidda aliogopa kupoteza nyumba.

Nyumba yenyewe iko juu kabisa mlimani, mahali ambapo barabara inakoma na ngazi zinaendelea. Fidda aliingia humo akiwa bibi harusi, akazaa humo watoto watatu, na mlangoni pake ndipo Awwad alipotolewa akiwa amebebwa mabegani. Tangu hapo aliishi kwa upishi wa harusi. Mji mzima ulijua kwamba mansaf ya Fidda, wali na nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mchuzi wa mtindi, haina mfano, kwa sababu jamidi yake, yale madonge ya mtindi mkavu yaliyo magumu kama mawe, aliisugua mwenyewe ndani ya maji mpaka ikawa mchuzi. Hakuwahi kukubali mashine. Siku moja ya Februari alikuwa akishuka na gunia la jamidi, ngazi zikiwa zimelowa mvua, mguu ukateleza. Gunia lilifika chini kabla yake.

Mwanawe wa kwanza, Sakhr, mhasibu anayeishi Amman, alimwandalia chumba katika ghorofa lake jipya.

"Mama, kule kuna lifti."

"Na ikiharibika?"

"Inatengenezwa."

"Basi na mimi nimetengenezwa," alijibu Fidda, akimpungia mkono uliotoka kwenye plasta wiki ileile.

Sakhr alijua kuwa kwa maneno hamwezi mama yake. Alichofanya, siku chache baada ya Idi, ni kuchukua njia ambayo mtu wa Salt hawezi kuikwepa. Alimleta Baba Fayez, kaka mkubwa wa marehemu Awwad, pamoja na wazee wengine wa ukoo, wote wamevaa vizuri. Fidda akafurahi kuona wageni, akawamiminia kahawa. Baba Fayez akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa kwa mdomo. Wenzake nao wakaweka vyao.

"Mama Sakhr," alisema Baba Fayez, "tuna haja kwako. Kahawa yako hatuinywi mpaka utupe tulichokujia."

Fidda alivitazama vile vikombe vikitoa mvuke. Kuviacha vipoe ni aibu ambayo nyumba haiisahau. Akamtazama mwanawe, Sakhr alikuwa akisoma maua ya zulia.

"Haya, shemeji. Sema."

"Uhame, ukakae kwa mwanao. Hakuna anayekufukuza. Ni kwamba ngazi zimekushinda."

Angeweza kusema neno lolote jingine. Angesema umri, angesema upweke, angesema wajukuu, na huenda Fidda angelia kidogo na kukubali. Lakini alisema *zimekushinda*. Fidda akageuka mlangoni, alipokaa Taghrid, binti wa kaka yake, mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akiichosha familia kwa habari za mashindano aliyojiandikisha.

"Taghrid, yale mashindano yenu ya kuparamia kuta na kugaagaa matopeni ni lini?"

"Oktoba, shangazi."

"Na ule utepe wanaokata?"

"Wanamkatia aliyeshindwa kizuizi."

Fidda akawageukia wazee. "Kunyweni, nimewapa haja yenu. Nitahama siku nitakapotoka kwenye mbio za Taghrid utepe wangu umekatwa. Nikitoka nao mkononi, nyumba hii isitajwe tena mbele yangu."

Baba Fayez alicheka mpaka kilemba kikamteleza. "Mama Sakhr! Wewe hujawahi kukimbilia hata basi!"

"Kweli, shemeji. Basi lilikuwa linanisubiri."

"Baba mkubwa, usinywe!" alipiga kelele Sakhr, aliyemjua mama yake kuliko wote mle ndani. Lakini mzee alikuwa ameshakimaliza kikombe kwa funda moja, bado anacheka, na wenzake wakamfuata. Neno likafungwa.

Mazoezi yalianza vibaya. Alfajiri ya kwanza, baada ya sala, Fidda alivaa suruali ndani ya gauni lake refu, akavaa raba za marehemu zilizojazwa pamba vidoleni, akaanza kukimbia kushuka ngazi. Hakufika mbali. Mtaani kwao, mwanamke wa makamo anayekimbia alfajiri ana maana mbili tu: kuna mwizi au kuna msiba. Baba Nawaf, mwoka mikate, alitoka mbio na koleo lake refu la tanuri mkononi.

"Mama Sakhr! Nani kafa?"

"Hajafa mtu!"

"Basi nani anakufukuza? Nionyeshe, nimpasue!"

"Nafanya mazoezi!"

"Ya nini?"

Hakuwa na pumzi ya kumjibu. Baba Nawaf hakuridhika, akaendelea kumfuata na koleo lake. Majirani walipomwona na yeye anakimbia, wakaungana naye, mmoja akiwa na povu la kunyolea shavuni. Ilibidi Fidda asimame chini kabisa, ameshika mbavu, awaeleze watu wote hao kwamba hakuna mwizi wala maiti, kuna ubishi wa familia tu.

Kizuizi cha pili kilikuwa ukarimu. Sasa walipojua anachofanya, kila mlango uliomwona ulimwita. "Karibu, Mama Sakhr! Ingia upumzike!" Na yeye, aliyelelewa vizuri, hangeweza kupita mlango uliomkaribisha kama anayepita ukuta. Aliingia hapa kwa kahawa, pale kwa chai ya majani, nyumba ya tatu kwa mkate na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki mbili Taghrid alimpima kwenye mizani ya bafuni.

"Shangazi, umeongezeka."

"Nimekimbia kila siku!"

"Umekimbia kutoka sebule moja kwenda nyingine."

Ni Baba Nawaf aliyelitatua tatizo hilo. Aliweka kiti cha plastiki nje ya tanuri, juu yake bilauri ya maji, akatangaza mtaa mzima kuwa yeyote anayetaka kumkirimu Mama Sakhr amkirimu hapo, maji matupu, na amwache apite. Tangu siku hiyo milango ilibadili wito. "Nikirudi!" alijibu Fidda kwa kila mmoja, akipunga mkono, nao wakamjibu, "Ukirudi, tena kwa ushindi!" Kina mama waliokuwa wakicheka madirishani wakaanza kumhesabia pumzi. Kufikia Julai alipanda ngazi zote bila kusimama, na juu alibaki na pumzi ya kuwatukana waliokuwa wamesema hataweza.

Taghrid alimfundisha vizuizi vyenyewe: mfuko wa mchanga wa kupandisha kilimani, vyuma vya kuning'inia, na ukuta. Mfuko wa mchanga haukuwa na taabu. Fidda alibeba gunia la jamidi, sasa kwa kupanda, na akasema mchanga angalau haunuki. Kwa vyuma vya kuning'inia alitumia bomba linaloshikilia mzabibu wa uani. Mara ya kwanza alining'inia kwa muda wa kupiga chafya. Kila jioni aliendelea, na kila alipopata harusi ya kupikia, masaa ya kusugua jamidi yalimrudishia mkono ule nguvu ambayo daktari hakuitarajia. Vidole vyake vilikamata chuma kama koleo.

Ukuta tu ndio ulimkataa. Shuleni kwa Taghrid kulikuwa na ukuta wa urefu uleule wa ukuta wa mashindano, na Fidda aliurukia majira yote ya joto. Vidole vilifika juu, vikashika, kisha kifundo kilipotakiwa kuuvuta mwili mzima kikalegea, akashuka.

"Ukutani watu husaidiana, shangazi," Taghrid alimwambia. "Sheria inaruhusu. Mkimbiaji anampa mwenzake bega. Unaomba tu."

"Sijamwomba mtu bega tangu Awwad azikwe."

"Ndiyo maana uko chini."

Fidda aliondoka mbele, akamwacha nyuma mpaka nyumbani.

Mwezi mmoja kabla ya mbio, Sakhr alisikia kutoka kwa Baba Nawaf kwamba mama yake sasa anashuka mpaka bondeni na kurudi. Akajiandikisha naye. Alisema anataka kumwangalia tu asiumie. Alikuwa na uanachama wa chumba cha mazoezi, ameshaulipia mwaka mzima, na ameshakwenda kama mara nne.

Siku ya mbio, kundi la Sakhr liliachiwa kwanza, la Fidda na Taghrid likafuata. Kwenye waya wa miiba Fidda alitambaa matopeni, akatoka upande wa pili hana rangi wala sura. Mfuko wa mchanga aliupandisha kilimani akiwapita vijana waliosimama kushika viuno. "Enhee, wanangu, mnapiga picha?" aliwauliza.

Kwenye vyuma vya kuning'inia, vilivyopita juu ya dimbwi, alimkuta Sakhr. Mwanawe alikuwa amefika chuma cha katikati, miguu ikicheza hewani, kisha akaachia. Maji yakaruka. Alipotoka ukingoni msimamizi alimfuata, mkasi ukalia, na utepe wa chungwa ukaanguka kwenye tope. Fidda aliliona hilo lote, akajifuta mikono kwenye gauni, akashika chuma cha kwanza. Alikwenda polepole, chuma kwa chuma, kama alivyokuwa akienda chini ya mzabibu wake, na alipokuwa juu ya kichwa cha mwanawe alisema bila kutazama chini:

"Toka majini, Sakhr. Utashikwa na mafua."

Ukuta ulikuwa wa mwisho. Kila mkimbiaji alipewa majaribio matatu. Taghrid aliupanda, akakaa juu, mguu mmoja huku na mwingine kule. Fidda aliruka, akashika, kifundo kikalegea. Akaruka tena. Safari hii aliteleza mpaka magotini, na msimamizi, msichana mpole aliyeonekana kutoipenda kazi yake dakika ile, akautoa mkasi mfukoni.

"Shangazi!" aliita Taghrid kutoka juu. "Omba!"

Fidda aliinuka. Aliutazama utepe. Nyuma yake wakimbiaji walikuwa wakija, wote rangi moja ya udongo, hatambuliki mvulana wala mzee. Akawageukia, akapaza sauti ile ya kuitia masufuria kwenye harusi ya watu mia tano:

"Enyi watu! Nina haja kwenu!"

Hakuna mtu wa Salt asiyejua maneno hayo yanadai nini. Mtu mmoja alijitenga na kundi, akapiga goti chini ya ukuta, akainamisha kichwa, akatoa bega. Fidda alitamka jina la Mungu na kukanyaga. Bega likanyanyuka naye. Vidole vikashika juu, mkono wa Taghrid ukamdaka kiwiko, na tumbo lake likalala juu ya ukuta kama unga juu ya meza ya Baba Nawaf. Kisha akaanguka upande wa pili, upande wa nyumba yake.

Mwisho wa mbio walikuwapo Baba Fayez, Baba Nawaf mwenye chupa ya kahawa, na nusu ya mtaa. Fidda alipita katikati yao ameinua mkono wa kulia, utepe ukiwa mzima, na vigelegele vikapanda mpaka kwenye mashamba ya juu. Baba Fayez aliushika ule mkono, akaukagua utepe pande zote kama mtu anayetafuta kasoro kwenye dhahabu.

"Haya," alisema. "Ngazi zimeshindwa."

Sakhr alifika baadaye, tope mwili mzima. Alimbusu mama yake kichwani, akachukua chupa, akammiminia kahawa, akampa kwa mikono miwili. Fidda akapokea kikombe. Akakiweka chini, kwenye nyasi, mbele ya miguu yake.

Watu wote wakasogea kuona.

"Mama," alisema Sakhr, "nyumba ni yako. Hakuna atakayeitaja tena."

"Hiyo nimeichukua mwenyewe, siiombi. Nina haja nyingine. Kila Ijumaa uje ule kwangu. Upande kwa miguu yako. Na mtungi wa gesi uupandishe wewe."

"Kila Ijumaa?"

"Kahawa inapoa."

"Mpe upesi, kijana," alisema Baba Fayez. "Na ukishampa, usicheke."

"Nimekupa, mama."

Fidda akakiinua kikombe, akanywa.

Utepe sasa umefungwa kwenye bomba la mzabibu, na nyumba ina mwenyewe ndani. Kilichobaki bila kujulikana ni bega. Taghrid, aliyekuwa juu ya ukuta, aliona kisogo chenye tope tu. Msimamizi alikuwa akiutazama utepe. Sakhr ameulizwa mara mbili, na mara zote mbili alinyanyua mtungi wa gesi na kuanza kupanda ngazi. Ni nani aliyepiga goti chini ya ukuta asubuhi ile, haijulikani.