Spiriti ya miwa na baba mkwe

Jamani, leo nimeshinda mbio za pikipiki na nusura nikose mke.

Mimi na fundi wangu Mbaraka tuliamua kuachana na petroli. Tangi tukalijaza spiriti ya miwa, inayonuka kama pombe kali.

Kufika kiwanjani Nguvumali, wenzangu wakacheka: "Hiyo pikipiki au jiko?"

Nikawaacha wacheke. Mzunguko wa mwisho niliwatimulia vumbi wote!

Tatizo lilikuwa mfuniko wa tangi. Ulilegea, na kila nikikata kona spiriti inanimwagikia kifuani. Nani asimame kufuta shati naye yuko mbele?

Nashuka tu, namwona Mzee Kombo, baba wa mchumba wangu Zuhura. Hajawahi kuja kunitazama hata siku moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, bingwa!" Akafungua mikono anikumbatie. Akasita. Akanusa.

"Mwanangu, umelewa?"

"Wallahi sijaonja, baba! Aliyekunywa ni pikipiki!"



Mbaraka naye, eti ananitetea: "Kweli mzee, imemaliza tangi zima."

Mzee akaitazama pikipiki. Akanitazama mimi. Akaninong'oneza:

"Siku ya ndoa, njoo kwa miguu."

Semeni nyie, hapo nimekubaliwa au nimefukuzwa? 😭