Kopo Langu Nyuma ya Kanga

Miaka ile maduka ya Kilosa yalikuwa yamejaa. Sabuni za kunukia, biskuti, redio za kila rangi. Baba alikuwa amerudi nyumbani na panga lake baada ya shamba la mkonge kufungwa, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kutazama tu. Mimi nilitazama kwa furaha. Nilijiambia nikikua nitakuwa mpishi wa hoteli kule Mikumi, nivae kofia nyeupe, nipike mpaka wageni walegeze mikanda.

Ila kuanzia Februari njaa ilikuwa inachosha, jamani. Shuleni tulikuwa na uji. Kila Jumatatu kila mtoto alileta kopo la mahindi, na mwalimu wetu, mama mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ametundika kanga mlangoni mwa stoo. Unaingia peke yako, unamimina guniani, unatoka. Alitaka mwenye kidogo asionekane, asiaibike.

Jumatatu moja nyumbani, mama yangu alichungulia debe letu la mahindi, akanitazama, akanirudishia kopo tupu. Nikaenda nalo hivyo hivyo. Nyuma ya kanga nilichota mahindi niliyoyakuta guniani, nikayamimina tena taratibu, yakalia chwaaa, walio nje wakasikia. Nikatoka nikipangusa mikono. Jumatatu iliyofuata nikarudia. Uji ukawa mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe.

Nilikaa deski moja na msichana mgeni. Baba yake aliswaga ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wakajenga mbali huko bondeni, naye alifika shule miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Siku hiyo alilaza kichwa kwenye deski, hakuandika hata tarehe.

"Unaumwa?"

"Njaa. Baba kasema nikirudi tena nimelegea hivi, shule basi, nikachunge."

"Si tumekunywa uji?"

"Uji gani? Yale maji ya kuoshea sufuria?"

Alicheka. Mimi nikashindwa.

Mchana nikamfuata mwalimu stoo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Nikamweleza habari ya kopo langu. Hakunichapa. Alilibeba gunia kwa mkono mmoja mpaka mbele ya darasa, akalikung'uta mezani. Mahindi ya kupikia siku moja, labda.

"Nani wengine wamekuwa wakinipigia muziki kule stoo?"

Nikanyoosha mkono. Akafuata kiranja. Akafuata yule aliyezoea kutucheka viraka. Mwisho darasa zima likawa mikono.

"Kumbe yale yale!" mtu akasema nyuma. "Masikini, yamechoka kumiminwa!"

Tulicheka, hata mwalimu alicheka huku amejishika kiuno. Jirani yangu peke yake hakunyoosha mkono. Nikakumbuka kopo lake, alivyokuwa akilifunga kitambaa kila Jumatatu lisimwagike njiani.

Mwalimu aliishusha ile kanga, akaikunja. "Mahindi hamna, sawa. Mikono mnayo, nimeiona yote. Jumamosi mje na majembe."

Jumamosi mwalimu akatupeleka kijiji cha Chanzuru kwa bibi mmoja. Ghalani alikuwa bado na mahindi ya msimu uliopita, lakini miguu ilikuwa imemvimba na shamba limemezwa na magugu. Tulipalilia jua likituchoma visogo.

"Wajukuu zangu, mnakata majani au mnanikatia mahindi?" alituuliza kutoka kivulini.

Jioni akatutolea gunia zima, akasema mwaka huu alikuwa ameshakata tamaa ya kuvuna. Nilifika nyumbani viganja vina malengelenge, nikalala bila kunawa miguu. Baba aliyaona yale malengelenge. Jumamosi ya pili alitangulia yeye, panga begani, na akina baba wengine watatu waliokuwa wakishinda barazani.

Lakini ile Jumatatu ya kwanza baada ya Chanzuru ndiyo ninayoikumbuka. Uji ulikuwa mzito, unashika kikombe. Msichana wa deski langu alikunywa viwili, akalamba kidole.

"Mgongo wako vipi?" akaniuliza.

"Usiuseme."

"Wangu kama wa punda."

Kisha akafungua daftari, akaandika tarehe. Mimi nilikuwa nimechoka mno, nikalaza kichwa juu ya mikono yangu. Nikasinzia nikisikia penseli yake ikikwaruza karatasi.