Mawaridi ya Mama Bhavini

Elinaja alikuwa na funguo za nyumba tano za wazee aliowahudumia, lakini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Bhavini, kule Neasden, London. Bibi yule alizaliwa Moshi, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na ingawa aliondoka angali msichana, Kiswahili chake hakikumtoka. Kila asubuhi Elinaja, mzaliwa wa Machame, alifungua mlango na kusema, "Shikamoo, mama." Kutoka chumbani ilikuja sauti, "Marahaba, mwanangu," na kwa muda London yote ilinyamaza.

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari hakujibiwa. Kitanda kilikuwa kitupu, mlango wa nyuma uko wazi. Nje jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imefunika nyasi, nyeupe kama unga, na juu yake nyayo ndogo zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mawaridi. Mama Bhavini alikuwa amesimama pale na kandambili zake, ukungu ukimzunguka, kana kwamba anamsubiri mtu.

"Mama! Utaganda!"

"Sachin huyakata mwezi huu," alisema taratibu. Sachin, mumewe, alikuwa amefariki Oktoba. "Ona, yamekuwa kichaka."

Elinaja akamrudisha ndani, akamchemshia chai ya tangawizi. Jalidi ikayeyuka, lakini nyasi zilizokanyagwa ziligeuka rangi ya kahawia, na nyayo zikabaki pale siku nyingi.

Bustani haikuwa sehemu ya kazi yake. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikuja na glavu na mkasi wa kupogolea. Mawaridi hakuyajua, ila kahawa aliijua. Utotoni alimfuata baba yake shambani, akionyeshwa tawi lililochoka, tawi linalomkwaruza mwenzake, na jicho, chipukizi changa, linalotazama nje. Akaanza vivyo hivyo. Alitoa yaliyokauka, kisha yaliyopishana, kila mkato akiulaza kidogo juu ya jicho ili mvua iteleze. Akaokota majani yote yenye madoa meusi. Jua lilikuwa hafifu, udongo unanukia, na mara mbili alidhani amemsikia baba yake akikohoa nyuma yake. Aligeuka, alikuwa Mama Bhavini, kitini, mlangoni.

Ulipobaki mti mmoja, bibi akapaza sauti. "Basi! Utauua. Huo Sachin aliupanda siku aliyozaliwa mtoto wetu Rupa."

"Usipokatwa ndipo utachoka, mama."

Elinaja akamwinua, akamfikisha kwenye ule mti, akamwekea mkasi mkononi. "Kata wewe. Mimi nitakuonyesha mahali."

Alikata akilia, Elinaja akimshikilia mkono kwa chini. Tawi la mwisho hakuhitaji kuonyeshwa.

Machi, macho ya matawi yalifumbuka, mekundu. Elinaja akazichana nyasi kwa reki, akatoa ukoga laini wa kijani uliotanda majira yote ya baridi, akatoboatoboa udongo kwa uma wa bustani ili maji yapenye.

Juni, mti wa Rupa ulichanua ua la kwanza, la manjano. Mama Bhavini alilikata mwenyewe, akalipeleka hekaluni amelikinga kwa kiganja, Rupa akimwendesha polepole kwa gari. Elinaja alibaki bustanini peke yake. Akavua viatu, akajilaza kwenye nyasi, akafumba macho. Alipoyafumbua, jua lilikuwa limehamia ukuta wa jirani, na mabasi mangapi ya kumrudisha kwake yalikuwa yamempita, hakujua.