Esta wa Kambarage na Fundi Aliyenyamaza

Esta, mama yake Ritha, ni jirani yangu hapa Kambarage, ukuta kwa ukuta, mwaka wa kumi na tisa huu. Alianza kuchapa kwa taipureta kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kikafungwa, akarudi na vidole vyake tu. Kompyuta aliyoipata baadaye ilikuwa kuukuu, inaendeshwa na Linux, ule mfumo usionunuliwa. Kwa kompyuta hiyo alichapa ratiba za mazishi, kadi za harusi, maombi ya leseni za wachimbaji wa Geita. Ndiyo iliyomlisha.

Mwaka juzi ikaanza kukokota miguu. Unabonyeza herufi, unasubiri, inakuja kwa madaha kama bibi harusi. Taa ya diski inapepesa kutwa, na diski yenyewe inakwaruza kama panya ghalani. Akamwita Ndaki, fundi mwenye duka la kuchapa ng'ambo ya barabara. Akaiangalia dakika mbili.

"Mama Ritha, vya bure ndivyo vilivyo. Imezeeka. Na wewe pumzika."

Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja. Kodi ya chumba ikawa inamkosesha Esta usingizi.

Siku moja nakula kwa mama lishe, nikamsikia Ndaki nyuma yangu akimchekesha mwenzake.

"Yule bibi anaogopa umeme wa LUKU kuisha, mteja akitoka tu anazima. Na ile kompyuta ikiwashwa lazima ipitie mafaili yote iyaorodheshe, ili ukitafuta kitu ikione haraka. Haijamaliza, kazima! Ikiwashwa inaanza moja. Itasoma mpaka Yesu arudi!"

"Si umwambie?"

"Nimwambie, halafu mimi nile nini?"

Niliacha ugali mezani, mimi ambaye siachi ugali. Nikamsimulia Esta yote. Akaongeza umeme, akaiwasha asubuhi, akakataza mtu kuigusa. Saa tisa alasiri taa ikatulia. Akabonyeza herufi, ikaja papo hapo. Akachapa jina la Ndaki lote, akalitazama, akalifuta.

Wiki ileile wachimbaji wakaja na majina mia nne ya wanachama wao. Kwa Ndaki foleni ilikuwa ndefu, wakajaribu kwa Esta. Saa nane mchana walikuwa na karatasi mkononi. Ndipo Esta akasimama kibarazani, akawaeleza kwa sauti ya kufika ng'ambo nini kilikuwa kinaiua kompyuta yake, na nani alijua akanyamaza. Habari ikazunguka mtaa mzima. Wateja wakarudi, na wa Ndaki wakawafuata.

Ndaki akavuka barabara, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Ritha."

Kwetu hapa hata mwizi huitikiwa. Esta akaendelea kuchapa.

"Shikamoo, mayu wane," akabembeleza kwa Kisukuma, kama mtoto kwa mama yake.

Esta akamwangalia mteja aliyekuwa nyuma ya Ndaki. "Karibu, nikusaidie nini?"

Ndaki amekuja mara tano sasa, hajaitikiwa. Mchungaji amesema imetosha, Ritha naye amesema imetosha. Mimi nasema bado.